Pilsner ya Kicheki: usihukumu kabla ya nusu ya pili

Mara ya kwanza kuandika kuhusu pilsner ya Kicheki, bia ya Ucheki, daftari langu lilipata maneno mawili tu: "chungu, baridi". Chupa ilikuwa imelala kwenye friji usiku kucha, nami niliinywa nimesimama jikoni. Sikuwa nimeonja kitu.

Siku hizi naitoa robo saa kabla, ifike nyuzi 7 hivi. Bia ya barafu huutia ulimi ganzi. Glasi naisuuza kwa maji baridi na siifuti. Ikibaki na mafuta, povu hufa na viputo hung'ang'ania ukutani. Kisha namimina bila woga wa povu. Wacheki hulitaka zito, vidole vitatu, maana ndilo linaloitunzia bia harufu yake. Wana hata mmimino uitwao mlíko, yaani maziwa: glasi karibu nzima ni povu, na unainywa upesi.

Nusa kwanza. Hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zile za mji wa Žatec huko Ucheki, hazina harufu ya matunda. Utapata majani, maua, na kiungo kwa mbali. Chini yake kuna ganda la mkate uliotoka tanurini. Hilo linatokana na mapishi: sehemu ya uji wa kimea huchotwa, ikachemshwa, ikarudishwa. Pilsner Urquell, bia ya mji wa Plzeň, hufanyiwa hivyo mara tatu. Ukisikia siagi kidogo, usikimbilie kuandika kasoro, hiyo ni tabia yake. Lakini ikinuka kicheche, hopsi zimepigwa na mwanga, mara nyingi ndani ya chupa ya kijani iliyokaa dirishani. Funga daftari, kanunue nyingine.

Sasa piga funda la kweli, umeze, usubiri. Hapa ndipo kazi ilipo. Uchungu mzuri hupanda taratibu nyuma ya ulimi, ukakaa, ukaondoka bila kukwaruza koo kama mwarobaini. Maji ya Plzeň yana madini machache sana, na ulaini huo ndio uliomwezesha Josef Groll, mpishi wa bia kutoka Bavaria, Ujerumani, mwaka 1842, kutia hopsi nyingi bila bia kuwa kali.

Nusu ya pili inywe polepole. Ikipata joto ndipo asali ya kimea inapojitokeza, na bia iliyopikwa ovyo huanza kuwa tamu ya kuchosha.

Usidanganywe na namba 12 kwenye lebo. Jamaa yangu aliiogopa akidhani ni asilimia ya kilevi. Ni kipimo cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Kilevi cha Urquell ni asilimia 4.4.

Ukurasa wangu wa Jumamosi: "Chupa ya kahawia. Povu lilichora pete glasi nzima. Mkate, majani mabichi. Uchungu ulikuwa bado upo nilipomaliza kufunga kamba za viatu. Nilivivua, nikafungua ya pili."