Kupata michongo LinkedIn ukiwa Dar, na meseji ya kutuma badala ya "Mambo"

Watu wengi hapa Dar wana akaunti ya LinkedIn tayari, waliifungua wakiwa mwaka wa mwisho chuo, wakaweka picha ya mahafali, wakaandika "mhitimu, natafuta fursa" basi wakaiacha hivo hivo. Ukiwauliza wanakwambia ule ni mtandao wa mabosi. Inaniuma kwa sababu nawajua vijana wanaodizaini vizuri kabisa, wengine wanatafsiri, wengine wanafunga hesabu za biashara ndogo, na mwenye kazi yuko Mikocheni anahangaika hajui awapate wapi.

Kitu cha kuelewa mapema ni kwamba anayekupa mchongo mara nyingi sio mkurugenzi. Ni ofisa mawasiliano, ofisa miradi, mtu wa manunuzi, yule ambaye bosi kamwambia ripoti ya mwaka iwe tayari wiki ijayo na mtu wa kuipanga hana. Huyo ndo unayemwandikia, na profaili yako nzima itengeneze ukimfikiria yeye.

Kwa hiyo anza na ule mstari chini ya jina lako. Una herufi 220 pale, zinatosha sana, usizimalize kwa "kijana mchapakazi mwenye ndoto". Andika unafanya nini na unamfanyia nani: "Napanga ripoti na vipeperushi vya mashirika, Kiswahili na Kiingereza, Dar es Salaam". Mtu akiutafuta huo ujuzi maneno hayo ndo yanakuleta, tena akikuona tu umekomenti mahali ashajua we ni nani. Kama unalenga wateja wa nje au mashirika ya kimataifa ya kule Masaki andika kwa Kiingereza, ila mpe mtu mwingine akusomee kwanza. Alafu washa ile sehemu ya huduma, ni bure, iko kwenye kitufe kilekile cha kusema unatafuta ajira, unachagua huduma zako na eneo unalofanyia kazi. Ile duara ya kijani kwenye picha ni ya anayetaka kuajiriwa, we unauza huduma, iache.

Sampuli ni lazima. Usiseme hujawahi kupata mteja kwa hiyo huna cha kuonyesha. Chukua menyu ya mama ntilie wa mtaani kwako, muombe ruhusa, mdizainie, mpe aibandike, wewe weka picha ya ilivyokuwa na ilivyo sasa na mistari mitatu ya kwa nini umepanga hivo. Anayefanya hesabu atengeneze jedwali la marejesho ya kikoba, majina ya kubuni, aonyeshe mkopo unavyokatwa mwezi kwa mwezi. Posti kama hiyo moja kila wiki inakujenga kuliko kushea maneno ya motisha kila asubuhi.

Sasa watu. Usianze na wageni. Anza na uliosoma nao, uliofanya nao field, msimamizi wako wa field, wale mliokuwa wote kwenye kazi ya kukusanya takwimu. Hao wanakufahamu unavyofanya kazi na wengi wameshaingia maofisini. Kisha fuatilia kurasa za mashirika na kampuni unazozitaka, uone wafanyakazi wao wanaposti nini, ukomenti kitu chenye uzito. "Hongera sana" haimsaidii mtu. Kama ofisa kaposti picha za mafunzo ya wakulima Kilosa, muulize zile kadi za mafunzo walizitoa kwa Kiswahili gani, wakulima walizielewa? Hapo mmeanza kuongea kikazi bila hata kuomba kitu.

Kwenye inboksi ndo watu wanaharibu. Mtu anatuma "Mambo" alafu anakaa kusubiri. Mwenzako yuko kazini, akijibu "poa" atangoje tena useme shida yako? Sema yote kwa meseji moja. Na shikamoo ibaki kwa mtu unayejua kabisa amekuzidi umri, kama mwalimu wako, kwa wengine "habari za kazi" na dada au kaka vinatosha. Mfano:

"Habari za kazi dada. Nimeona posti yako ya mradi wa maji Kigamboni. Napanga ripoti na vipeperushi vya miradi, sampuli mbili ziko kwenye profaili yangu. Kama mtakuwa na kazi ya aina hiyo kabla ya Juni ningependa kuwatumia kotesheni. Asante kwa muda wako."

Imeisha. Asipojibu, baada ya wiki mbili hivi mkumbushe mara moja na sampuli mpya, zaidi ya hapo mwache apumue. Jua pia akaunti ya bure ina kikomo cha maombi ya urafiki yenye ujumbe kwa mwezi, kwa hiyo usiyamalize kwa watu usiowajua kazi zao.

Angalia na msimu, hili watu wanalisahau kabisa. Maonesho ya Sabasaba yanafanyika kila mwaka kuzunguka Julai 7 pale barabara ya Kilwa, na kampuni zinahitaji mabango, vipeperushi, video fupi, kwa hiyo anza kuwaandikia Aprili, Mei. Ukisubiri Juni mwishoni wenzako wameshachapisha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, ila mashirika mengi yanafunga mwaka wao wa hesabu Desemba, ndo maana ripoti zao zinakimbizwa miezi ya kwanza kwanza ya mwaka.

Wakikubali, toka kwenye maneno nenda kwenye kotesheni: kazi ni ipi, marekebisho mara ngapi, siku ya kukabidhi, bei, na advansi. Nusu kabla ya kuanza sio ukali, na mteja makini anaelewa. Uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, TRA wanatoa bure, maana kampuni nyingi hazikulipi bila hiyo, na kwenye malipo ya huduma watakukata kodi ya zuio asilimia 5, dai cheti chake ukitunze cha kuwaonyesha TRA. Mteja wa nje mwandikie muda kwa saa za kwao, sio "saa nne", la sivyo mtapishana. Na yeyote anayekutaka utume hela ya usajili ndo akupe kazi, funga mazungumzo hapo hapo.

Hela ikishaingia muombe akuandikie mistari miwili mitatu kwenye sehemu ya mapendekezo ya profaili yako, siku hiyo hiyo akiwa bado ana furaha na kazi, na umtajie ungependa aseme nini, kwamba ulikabidhi kwa wakati, kwamba marekebisho yalikuwa machache, maana ukimwachia aandike anavyojua atakuandikia "ni kijana mzuri" na ofisa mwingine akisoma hapo hapati cha kumwambia bosi wake.