Jamu isivuje kwenye biskuti
Ukioka biskuti za kujaza matunda, usitie jamu ikiwa bado ya moto au ina majimaji. Ichemshe kwa moto mdogo mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo, kisha iache ipoe kabisa. Jamu ya moto huyeyusha siagi iliyomo kwenye donge hata kabla ya kuingia kwenye oveni, na hapo biskuti husambaa. Kijiko kimoja cha chai kwa kila biskuti kinatosha; najua mkono hutamani kuongeza. Zikishajazwa, ziweke kwenye friji dakika 20 hadi 30, halafu oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi. Na usizionje zikitoka tu, jamu huunguza ulimi vibaya!