Ndugu yako ana skizofrenia na kaandikiwa diazepamu? Fanya hivi

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa na anaumwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, miaka sasa, na nimeona huku Mwanza wengi tunakosea palepale, kwenye vidonge vya kutuliza na usingizi kama diazepamu.

Anza kwa kuelewa kinachoendelea kichwani. Ubongo una kemikali inaitwa GABA, ikifika kwenye kipokezi chake kinafunguka kamlango, chembe za kloraidi zinaingia kwenye seli, seli inapoa. Ni breki kabisa, we fikiria bodaboda inashuka mlima wa Bugando na abiria wawili haina breki. Wanasayansi waliopima ubongo wa marehemu waliokuwa na huu ugonjwa walikuta sehemu ya mbele kimeng'enya kinachotengeneza GABA kimepungua.

Sasa mtu anasema basi nimpe diazepamu tu, si inaongeza nguvu kwenye kipokezi hichohicho? Hapana jamani. Atatulia, atalala, akiamka sauti anazikuta palepale. Zinazopunguza sauti ni haloperidoli, risperidoni, olanzapini na wenzake, hizo zinaziba vipokezi vya dopamini, kemikali nyingine ya ubongo. Diazepamu huwa anaandikiwa ya muda mfupi kwa ajili ya fujo na kukesha, kwa hiyo tenganisha pakti, andika juu kwa kalamu nene ipi ya kila siku na ipi ya kuisha, maana nyumbani kwetu tuliwahi kuacha ile ya kila siku tukabaki na ya usingizi, ndani ya wiki chache akaanza tena kuongea na ukuta.

Kama kaitumia diazepamu wiki nyingi usimkatishe ghafla, anaweza kupata degedege, mrudishe kwa daktari ampunguzie kidogokidogo. Na pombe asiguse, gongo nayo inakandamiza kwenye vipokezi hivyohivyo, zikikutana pumzi inaweza kukata usingizini.

Kitu kingine, haloperidoli inaweza kukaza misuli. Wetu shingo ilipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi mzito, mama akaanza kusema ni majini. Tukamkimbiza hospitali, akapewa dawa ya kulegeza, haikupita muda shingo ikarudi. Ukiona hivyo usingoje asubuhi.

Kwa wanaoenda visiwani ulizia sindano ya flufenazini, nayo ni ya kundi la haloperidoli, inachomwa kila wiki 2 hadi 4 kadiri daktari atakavyopanga, vidonge kambini vinalowa au vinasahaulika. Sisi ni kila wiki 4, tukamwomba nesi tarehe ziangukie mbalamwezi wakati mitumbwi imepumzika, giza likiingia anarudi ziwani kashachomwa. Ila mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wiki 4 ni siku 28, tarehe zinateleza taratibu, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa tunakaa na nesi na kalenda tunapanga upya.