Kabla hamjashika kalamu: katuni fupi ya anga za juu kwa stailo ya anime za zamani

Kama wewe na wenzako mmekaa mkaamua mtoe katuni ya sekunde 20 hivi, chombo cha anga, rubani mmoja, nyota, ile stailo ya anime, yaani katuni za Kijapani, za miaka ya 70 na 80, basi kabla hujamwambia mtu yeyote afungue tableti ya kuchorea kuna mambo yawe yameshaamuliwa, maana sekunde 20 zinadanganya sana, mtu anaona hii ni kazi ya wikiendi tu.

Anzeni na hesabu. Filamu inaenda fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 20 ni fremu 480, ila Wajapani hawakuwa wanachora zote hizo, mchoro mmoja walikuwa wanaupiga picha mara mbili au mara tatu, na ukienda kwa tatu unabaki na michoro 8 kwa sekunde, yaani 160 kwa kazi nzima, toa na zile shoti ambazo mhusika katulia kinacheza mdomo tu au chombo kinasukumwa mbele ya nyota, mzigo unashuka zaidi. Bajeti za TV zilikuwa ndogo na kipindi lazima kitoke kila wiki, ubanaji ule ndio uliozaa muonekano tunaoupenda leo. Sasa mkijifanya mna nguvu mkachora zote 24, mtachoka na bado haitafanana, itakuwa laini mno.

Ila kuna mtego hapo. Michoro ndiyo inakaa fremu tatu tatu, kamera haikai. Chombo kikiteleza au mandhari ikisogea, inasogea kila fremu, ukisahau hilo kila kitu kinadunda dunda. Na nyota ndio wasumbufu kuliko wote, vidoti vyeupe vidogo kwenye weusi vikipita kwa kasi vinaonekana viwili viwili na macho yanauma, kwa hiyo jaribuni ile shoti ya nyota peke yake mapema kabisa, ikigoma punguzeni kasi au mzivute ziwe mistari.

Kitu cha pili ambacho watu wanakiachia mwisho wakati ni cha mwanzo ni mwanga. Ule mng'ao wa injini na leza haukuwa rangi iliyopakwa. Walikuwa wanachukua karatasi nyeusi, wanaitoboa pale mwanga unapotakiwa tu, wanawasha taa kwa chini, halafu wanairudisha filamu nyuma na kuipiga picha mara ya pili na filta mbele ya lenzi, ndio maana mwanga unamwagika nje ya mstari kidogo na unaonekana unawaka kweli. Kwenye kompyuta maana yake ni leya, yaani tabaka la picha, yake peke yake, katikati nyeupe kabisa, rangi inabaki pembeni, unaififisha kingo kisha unaijumlisha mwanga wake juu ya picha. Mchoraji asipoambiwa kwenye storibodi, ile michoro ya awali inayopanga kila shoti, kwamba tundu la injini linawaka, atalipaka machungwa kama ukuta, na kuja kulitoa baadaye mchoro kwa mchoro ni mateso.

Rangi nazo ziandikwe mapema, kila sehemu ya mhusika iwe na rangi moja na kivuli kimoja chenye ukingo mkali, hakuna kufifisha fifisha, kwa sababu zamani rangi ilipakwa nyuma ya karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Mandhari ndiyo ilichorwa kwa brashi na rangi za maji nzito, kwa hiyo sayari inaruhusiwa kuwa na michirizi. Chembe za filamu na vumbi weka mwisho, kidogo, watu wanazidisha mno siku hizi. Umbo la picha ni 4 kwa 3, kwa mfano pikseli 1440 kwa 1080, na kama inaenda kuangaliwa kwenye simu ikiwa wima amueni leo, usije ukakata kichwa cha rubani kesho.

Programu zipo za bure, Krita, Blender, OpenToonz ambayo imetokana na programu waliyokuwa wanaitumia Studio Ghibli, chagueni moja na toleo moja kwa wote.

Halafu mambo ya hapa mjini Dar. Umeme ukikatika kompyuta isiyo na UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme kwa muda, inaondoka na kazi, kwa hiyo UPS kwanza, tableti ya bei mbaya baadaye. Kurenda, yaani kompyuta kutengeneza video ya mwisho, fanyeni usiku, joto la Januari likikutana na kompyuta kwenye chumba kisicho na AC zinaanza kujipunguza kasi zenyewe. Bekapu ziwe kwenye eksteno (diski za nje) mbili na moja isilale studio, na ukinunua Kariakoo ijaze kwanza mpaka mwisho uone mafaili yanafunguka, maana zipo zinazojiandika GB nyingi na ndani hamna kitu.

Sauti, midomo mitatu inatosha, iliyofunga, nusu na wazi, maneno ya Kiswahili yamejaa irabu kwa hiyo mdomo utafunguka sana, ila kwenye m, b na p ufunge kweli, hapo ndipo mtazamaji anapokushtukia. Mkirekodi wenyewe subirini bodaboda zipungue barabarani, au kodini saa moja kwenye studio ya muziki, wana chumba tayari.

Stailo ni ya wote, chombo maarufu cha mtu sio chako hata ukibadilisha rangi ya mabawa. Chenu mkishakichora kisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Na kama kuna mteja, asaini storibodi kabla ya mchoro wa kwanza, na mkataba useme wazi kwamba shoti ikibadilishwa baada ya hapo inalipiwa upya, na advansi iwe imeshaingia.