Posta kwa miguu: kutoka Boma la Kale hadi Sanamu ya Askari

Wengi wetu tunafika Posta kwa shida zetu: benki, kesi, hati ya kusafiria, kivuko cha Kigamboni. Tunapita chini ya kuta zenye miaka zaidi ya mia bila kuinua macho. Kazi yangu ni kuongoza watu kwa miguu katika eneo hili la Dar es Salaam, na wageni ninaowapenda kuliko wote ni wenyeji wenyewe, wale wa Temeke na Magomeni, ambao baada ya saa moja huanza kunionyesha wao mambo ambayo sikuyaona. Njia ninayowapitisha ni hii. Ni kama kilomita 4, saa tatu kwa mwendo wa taratibu, na unaweza kuifuata peke yako.

Ombi langu ni moja. Kwenye kila jengo jiulize: lilijengwa kwa ajili ya nani, na nani alibeba mzigo? Swali la kwanza lina majibu mengi. La pili halijibiwi karibu popote njiani, ila mahali pamoja, nasi tutamalizia hapo.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Nenda Jumamosi, uwe umeanza saa moja na nusu asubuhi. Siku za kazi magari na pikipiki hazikupi nafasi ya kusimama ukatazama juu, na Jumapili makanisa yana ibada mfululizo. Jua la Dar si la kulichezea. Niliwahi kuanza na kikundi saa tano, mama mmoja wa makamo akaishiwa nguvu mbele ya kanisa, tukakaa naye kivulini akinywa maji hadi mwanawe alipokuja kumchukua. Tangu siku hiyo sianzi baada ya saa mbili, hata kwa mgeni anayesisitiza.

Beba maji na kofia, vaa viatu ulivyokwisha vizoea na nguo za heshima kwa kuwa utaingia kanisani. Ukija kwa mwendokasi shuka Posta ya Zamani, kisha rudi nyuma kwa Sokoine Drive hadi inapokutana na barabara ya Morogoro.

Hatua ya 2: Boma la Kale, na hapa usiwe na haraka

Jengo hili la pembeni mwa barabara, lenye kuta nene na mlango wa nakshi, lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Wakati huo hapa palikuwa karibu na kijiji cha Mzizima. Majid aliiona bandari hii iliyojificha, akataka kuifanya mji wake wa bara, na Boma likawa nyumba ya kupokelea wageni wake. Alifariki mwaka 1870 kabla mji haujasimama, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuujali. Wajerumani walipoingia mwaka 1887 walikuta mji ulioachwa nusu. Mwaka 1891 wakahamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo, na nyumba ya wageni wa Sultani ikawa ofisi yao.

Sogea ukutani. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka, uweke kiganja. Utahisi vitundu vidogo vidogo kama vya sifongo kavu. Hayo ni matumbawe, mawe yaliyotoka baharini, yakashikanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe. Ukiingia ndani tazama dari. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba ghorofa, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za pwani ni virefu na vyembamba. Fundi hakuwa na uchaguzi mwingine. Ukishaelewa jambo hili moja, kwenye kila jengo la mbele utajua kama umesimama kwenye mji wa Sultani au wa Wajerumani: vyumba vipana na veranda kubwa zenye matao vina maana kwamba chuma kimekwisha kuja na meli.

Simama pia mlangoni. Mlango wa namna hii ulikuwa salamu ya mwenye nyumba: kabla hujamwona, umekwisha ujua ukubwa wake.

Hatua ya 3: Nyumba ya Atiman

Endelea na Sokoine Drive kuelekea mnara wa kanisa. Karibu na kanisa ipo nyumba nyingine ya enzi za Majid, Atiman House, iliyojengwa kwa ajili ya wake zake na baadaye ikawa ya mapadre wa White Fathers. Wapita njia wengi hawaioni kabisa.

Jina lake ndilo linalonifanya nisimame hapa kila safari. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, katika nchi tunayoiita leo Mali, akakamatwa utotoni na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa Algeria, akasomea udaktari Malta, kisha akaletwa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, alikotibu watu kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Nyumba ya harimu ya Sultani ina jina la mtoto aliyeuzwa. Ninapoieleza habari hii kwa vijana wa shule, ndipo kelele zao huisha.

Hatua ya 4: Makanisa mawili

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Ingia kwa utulivu na uketi kwenye benchi la nyuma. Macho yakizoea kiza utaona vioo vya rangi nyuma ya altare, na ukitembea pembeni utakuta maandishi ya Kijerumani ambayo hayajafutwa. Kama kuna misa au watu wanasali, simu ibaki mfukoni.

Ukitoka, fuata ufukwe hadi Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa mwaka 1899 hadi 1902. Hili litazame kutoka ng'ambo ya barabara, maana uzuri wake uko juu: paa la vigae vyekundu, na vijipaa vidogo vya vigae vilivyowekwa juu ya madirisha kama kofia, kukinga jua na mvua. Makanisa haya mawili yalipanda kwa wakati mmoja, hatua chache baina yake, na yote mawili yanatazama bandarini. Mji mzima wa wakati huo ulielekeza uso baharini, zilikotokea meli.

Kama umechoka au una watoto, kata njia hapa: panda mtaa wa Azikiwe na baada ya dakika chache utafika kwenye sanamu ya hatua ya mwisho.

Hatua ya 5: Kivukoni hadi Ocean Road

Wenye nguvu tuendelee na Kivukoni. Upande mmoja ni maji na mitumbwi, upande wa pili ni majengo ya serikali ya Kijerumani yenye veranda pana. Ukifika feri, pumzika. Kunywa dafu, na kama unaweza kuvumilia harufu, ingia soko la samaki.

Mbele ya hapo ni Ikulu. Usipige picha, na simu isiwe mkononi. Ikulu ya kwanza ya magavana wa Kijerumani iliharibiwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hii ya sasa ilijengwa upya na Waingereza mwaka 1922.

Ukizunguka utatokea Ocean Road, ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama Drive ingawa makondakta wengi bado wanatumia jina la zamani. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa vijidudu, alifanya utafiti wa malaria hapa Dar miaka hiyo. Leo ni taasisi ya saratani na wagonjwa wetu wamo ndani, kwa hiyo tazama ukiwa barabarani tu, usiingie kutalii.

Hatua ya 6: Bustani na makumbusho

Rudi mjini kwa njia ya Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 na Stuhlmann, aliyesimamia kilimo cha koloni. Imepungua sana kwa ukubwa, nami hilo linaniuma kila nikipita. Kivuli chake bado ni cha thamani, na humo kuna mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi kubwa kuliko zote duniani.

Makumbusho ya Taifa yako jirani, mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Usiyapitie kwa nusu saa ukidhani umeyamaliza. Yatengee siku yake.

Hatua ya 7: Sanamu ya Askari

Shika Samora Avenue moja kwa moja. Barabara hii Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Itakufikisha kwenye mzunguko wa Azikiwe, ilipo sanamu ambayo wazee huiita Bismini.

Hapa ilisimama kwanza sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita vya kumzima Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na baadaye akawa gavana. Iliwekwa mwaka 1909. Gavana alikuwa juu, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa. Ilipelekwa Uingereza, mwishoni ikafika Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha miaka ya 1960.

Ya sasa ilizinduliwa mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari ni yuleyule Mwafrika, ila sasa yuko peke yake juu, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Vuka kwa uangalifu, sogea karibu na msingi, usome maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na hati za Kiarabu pia zipo. Yale ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling. Hayawataji askari peke yao. Yanawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maelfu kwa maelfu yao walikufa njiani kwa njaa na maradhi, mizigo ikiwa vichwani, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Tamka kwa sauti, haraka, kama angetamka babu yako. Kambi yao ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi kutenga mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika. Kutoka hapa kwenye sanamu hadi Kariakoo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na chai ya huko ni nzuri na bei yake haiumizi.