Jinsi ya Kuutuliza Mwili Wakati wa Karatasi Ndefu za KCSE

Karatasi moja ya Hisabati katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, huchukua saa 2 na dakika 30, na ziko siku ambazo mtahiniwa huketi asubuhi kisha akarudi kitini alasiri. Kwa kuwa nimewaandaa watahiniwa wengi wa kidato cha nne hapa Nairobi, ninaamini kwamba mwili unastahili kuandaliwa kwa makini yaleyale tunayoyapa masomo.

Hatua ya kwanza ifanywe wiki kadhaa kabla. Chukua karatasi ya mwaka uliopita, keti kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, na uifanye mpaka muda uishe bila kuinuka. Anayesomea kitandani kila siku hawezi kujua mgongo wake utaanza kulalamika lini. Mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu azungumze na mwalimu mkuu mapema kabisa, kwa maana maombi ya muda wa ziada hupitia shuleni na hayangoji siku ya mtihani.

Hatua ya pili ni kifungua kinywa. Kula ulichokizoea, kama uji, viazi vitamu au mayai. Kunywa maji mara tu unapoamka, kisha mafunda machache tu kadiri saa 2 asubuhi inavyokaribia. Usijinyime maji, kwa sababu kiu huleta maumivu ya kichwa. Nenda tu msalani kabla ya kuingia, hata kama huhisi haja, kwani ukitoka katikati utasindikizwa na dakika zilizopotea hazitarudishwa.

Hatua ya tatu ni mavazi, nayo yafuate hali ya hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Novemba ni msimu wa mvua za vuli, hivyo asubuhi huwa na baridi ilhali adhuhuri chumba chenye paa la mabati hupata joto. Vaa sweta iliyo rahisi kuvua, na ubebe soksi kavu.

Hatua ya nne, ambayo wengi huipuuza, ni kukagua dawati kabla karatasi hazijagawanywa. Litikise, likiyumba, mwarifu msimamizi papo hapo. Sukuma makalio hadi kwenye egemeo la kiti, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kisha ulaze mkono mezani mpaka kiwiko, ili bega lisibebe uzito wa kuandika. Tumia kalamu ambayo tayari unaijua, yenye wino unaotiririka bila kukandamizwa, maana kukandamiza ndiko kunakoleta maumivu ya kidole gumba na kifundo cha mkono. Kila unapomaliza swali refu, weka kalamu chini, kunjua vidole, shusha mabega na uinue visigino mara chache ili miguu isife ganzi. Pumzisha macho kwa kutazama ukuta wa mbele. Ukigeuka upande utashukiwa kuwa unachungulia.

Karatasi ya asubuhi ikiisha, usibaki darasani kubishana kuhusu majibu. Nenda msalani, tembea uwanjani, kisha ule kiasi cha kukushibisha bila kukulemea, kwa kuwa sahani iliyojaa kupita kiasi huleta usingizi katikati ya karatasi ya alasiri.