Kabla ya kuomba uzamili wa Waanglo-Saksoni, Wanorse na Wakelti

Hawa ni watu wa kale wa Uingereza, Skandinavia na nchi za Kikelti kama Welisi, na wengi huvutwa na historia yao: Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walivyoivamia monasteri ya Lindisfarne huko Uingereza mwaka 793, Mfalme Alfred wa Wessex na vita vyake dhidi yao. Si vibaya, ila kitakachokutoa jasho ni sarufi. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kina idara nzima ya mambo haya, maarufu kwa kifupi cha ASNC (Anglo-Saxon, Norse and Celtic), inayofundisha historia na fasihi za watu hao bega kwa bega na lugha zao. Uzamili wake haufiki hata mwaka mzima. Ukingoja Oktoba, masomo yanapoanza, ndipo uanze lugha, wenzako watakuwa kwenye tasnifu nawe bado unakariri vitenzi.

Uanze na ipi? Mimi nasema Kilatini, ingawa ni wachache wanaokwenda kule kwa ajili yake. Bede, mtawa wa Jarrow, alimaliza historia yake ya kanisa mwaka 731 kwa Kilatini, na hati nyingi za ardhi na habari za watakatifu ziko hivyo hivyo. Kiingereza cha Kale, lugha ya Waanglo-Saksoni, kisikudanganye kwa jina. Kina jinsia tatu, na nomino hubadilika umbo kufuata kazi yake katika sentensi. Kiwelisi, lugha ya Kikelti ya Welisi, nacho hugeuza mwanzo wa neno: kichwa ni pen, kichwa changu fy mhen, kichwa chake (mwanamume) ei ben, na kwenye kamusi yote utayatafuta chini ya pen. Aliyezoea kutafuta ndimi kwenye ulimi hatashtuka sana, mpaka akutane na waandishi wa zamani ambao mara nyingine hawakuyaandika mabadiliko hayo.

Halafu ipime subira yako kwa miswada yenyewe. Maktaba ya Parker, ya Chuo cha Corpus Christi hapo Cambridge, imeweka picha za miswada yake mtandaoni bure, ikiwemo nakala kongwe kuliko zote zilizobaki za Kumbukumbu za Mwaka za Waanglo-Saksoni, namba 173. Ikuze picha, unakili mistari mitano. Herufi þ, ƿ na p zitakuchanganya: ya kwanza mkia wake umepanda juu, ya pili haukupanda, na ya tatu ni p tu ya kawaida. Ukichoka hapo, fikiria tena.

Ujue pia kwamba jina "Anglo-Saksoni" lina ugomvi. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wataalamu wake kilipiga kura kuliacha.

Kwenye andiko la maombi, "napenda Waviking" haitoshi. Taja matini, swali lako, na lugha utakayoisomea. Waombe wadhamini wako barua za kukupendekeza mapema, maana tarehe za ufadhili kwa kawaida hufungwa kabla ya zile za kozi. Na kwa wanaotoka Kenya au Tanzania, viza ya Uingereza ya kozi ya muda huo hudai cheti cha kipimo cha kifua kikuu, tena kutoka kliniki zilizoidhinishwa na Uingereza tu.